"Picha: Mtandao" si jina la mpiga picha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie maneno mawili ambayo siku hizi huandikwa chini ya picha nyingi katika tovuti zetu za habari, "Picha: Mtandao", kana kwamba mtandao una kamera yake.

Mimi ni mpiga picha hapa Ujiji. Mwaka jana nilidamka alfajiri kwenda mwalo wa Kibirizi, nikapiga picha ya akina mama wakianika dagaa, na katika kona ya chini nikaweka jina la studio yangu. Baada ya miezi michache niliikuta picha hiyohiyo katika tovuti moja yenye matangazo ya biashara, kona ile ikiwa imekatwa, tena kwa haraka, hata mkia wa herufi moja ukabaki ukining'inia juu ya chanja. Nilipowaandikia, walinijibu kwamba wameitoa Google.

Google haimiliki picha inazotuonyesha. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi hulindwa tangu inapotengenezwa, bila kungoja isajiliwe, kwa hiyo picha isiyo na jina wala alama yoyote haiwi ya bure kwa sababu hiyo, na hata kumtaja aliyeipiga, ingawa ni heshima, hakuchukui nafasi ya idhini yake. Nami si malaika: kadi zangu za kwanza za biashara zilikuwa na picha ya meli ya Liemba ambayo hadi leo simjui aliyeipiga.

Asiye na fedha za kununua picha anaweza kutafuta Wikimedia Commons, hazina ya mtandaoni ya picha zinazoruhusiwa kutumiwa bure, ambako kila picha ina ukurasa unaoeleza leseni yake. Wengi hawausomi. Leseni nyingi za Creative Commons, yaani ruhusa zilizoandaliwa tayari ambazo mwenye picha huchagua ili wengine waitumie kwa masharti, hutaka mpiga picha atajwe, leseni yenyewe itajwe na mabadiliko yaelezwe. Baadhi, katika tovuti nyingine, hukataza matumizi ya biashara. Michoro ya karne ya 19 ya Stanley akikutana na Livingstone hapa Ujiji mwaka 1871 ulinzi wake umekwisha, lakini picha ya mnara wa kumbukumbu iliyopigwa juzi na mwenzangu ni mali yake.

Picha yangu ya dagaa ningewapa bure kwa ujumbe mmoja wa simu, mradi kona ile wasiiguse.

Mpiga picha,
Ujiji, Kigoma