Barua ya wazi kwa Rais wa Shirikisho la Badminton Duniani: tuhesabuni wawili

Mheshimiwa Rais,

Nakuandikia nikiwa mtu aliyecheza badminton ya wawili wawili kwa miaka kumi na miwili, akapata wenza watatu, na akaondoka na magoti yake yote mawili yakiwa mazima. Goti lililofupisha kazi yangu halikuwa langu.

Ilikuwa robo fainali, seti ya pili, tukiongoza. Mwenzangu aliruka nyuma apige smashi, lile pigo kali la kushusha, akatua vibaya. Mimi nilikuwa mbele, karibu na wavu, nikausikia mlio wa goti kabla ya kuisikia sauti yake. Mwamuzi akaja, daktari akaja, na baada ya dakika chache nilikuwa nawapa mkono wapinzani wetu. Mwilini sikuwa na hata mchubuko. Lakini nilikuwa nimeshatolewa, maana katika mchezo wetu mmoja akishindwa kusimama, wote wawili mmekaa.

Nikarudi mazoezini peke yangu. Kila Jumanne, orodha ya viwango vya ubora duniani ilipotoka, niliifungua kabla hata ya kunywa maji. Majina yetu yalikuwa bado pale, yameshikana, yanashuka. Orodha ile huhesabu matokeo kumi bora ya wiki 52 zilizopita, kwa hiyo kila wiki ilipopita ilichukua kipande cha mwaka wetu mzuri: leo nusu fainali ile imetimiza muda wake, wiki nyingine fainali ile nyingine. Yeye alikuwa hawezi kupanda ngazi bila kushika ukuta. Mimi nilikuwa nakimbia kila asubuhi. Tukashuka kwa kasi ileile.

Jioni moja akanipigia simu, akasema, "Dada, tafuta mtu. Usinisubiri." Siku hiyo sikuweza kumjibu. Mwezi uliofuata kampuni iliyokuwa ikitupa raketi na viatu ikaniandikia kwamba mkataba umekwisha, kwa kuwa ulikuwa wa majina mawili. Nilipompata mwenza mpya, hesabu yetu kwenye orodha ilianza tupu, kama watu wawili waliojifunza kushika raketi juzi. Miaka minne ya kazi yangu ilikuwa imeandikwa kwa jina la jozi ambayo haipo tena.

Ninachoomba kinaweza kusemwa kwa pumzi moja: shirikisho lihesabu watu. Jozi ni watu wawili, na kanuni za pointi na za fedha zinatuona kama mtu mmoja.

Asiyecheza jozi hudhani ni mchezo wa mmoja mmoja uliogawanywa nusu kwa nusu. Sivyo. Mkishambulia, mmoja yuko nyuma anapiga na mwingine yuko mbele anawinda. Mkishambuliwa, mnasimama sambamba, kila mtu na upande wake, na kinyoya, kile tunachokipiga kwa raketi, kinachopita katikati yenu kina mwenyewe, mliyekwisha kumkubali miezi mingi kabla ya mechi bila kutamka neno. Mwaka 2023 Satwiksairaj Rankireddy wa India aliandikiwa rekodi ya smashi yenye kasi ya kilomita 565 kwa saa, katika jaribio maalumu la kupima kasi. Rekodi ni yake na anaistahili. Lakini kwenye mechi, smashi ya namna hiyo huzaliwa mbele: kuna mtu ameanzisha kinyoya kifupi, kimepita juu ya wavu kwa nafasi ya vidole viwili, mpinzani akakosa njia nyingine ila kukiinua. Watazamaji hushangilia mkono wa nyuma. Sisi tuliocheza tunajua pointi ilipatikana wapi, na wenza wazuri hawadaiani juu ya hilo.

Katika fainali ya All England ya 2019, mashindano makongwe ya badminton ya Uingereza, Hendra Setiawan wa Indonesia aliingia uwanjani akiwa na jeraha la mguu, anachechemea. Mwenza wake, Mohammad Ahsan, akakimbia kwa ajili ya watu wawili. Walipoteza seti ya kwanza 11-21, kisha wakashinda mbili zilizofuata na kuchukua kombe. Nimeiangalia mechi ile mara nyingi kuliko mechi zangu mwenyewe. Hendra, asiyeweza kukimbia, alisimama mbele na kufanya lile ambalo macho na mkono wake vilimruhusu. Ahsan hakumtazama hata mara moja kwa jicho la lawama. Hiyo ndiyo kazi yetu ilipofika kileleni.

Sasa itazame njia ya Hendra. Alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2007 na bingwa wa Olimpiki Beijing mwaka 2008, yote pamoja na hayati Markis Kido. Akaanza upya na Ahsan, wakawa mabingwa wa dunia mwaka 2013 na 2015. Baada ya Olimpiki ya Rio wakaachana, akacheza na Tan Boon Heong wa Malaysia, kisha akarudi kwa Ahsan, na Agosti 2019 kule Basel wakatwaa ubingwa wa dunia kwa mara nyingine, siku ileile Hendra aliyotimiza miaka 35. Alitundika raketi mwanzoni mwa 2025. Mataji manne ya dunia aliyatwaa na wenza wawili, na kila alipobadilisha mwenza orodha ilimwona mgeni. Yeye alikuwa na kipaji na taifa kubwa la badminton nyuma yake, akapenya. Wengi wetu tuna kipaji cha wastani, na nyuma yetu hakuna mtu.

Greysia Polii, wa Indonesia pia, naye. Sitetei yaliyotokea kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, pale jozi nne, yake ikiwemo, zilipoondolewa kwa kutojituma kushinda. Nazungumzia yaliyofuata. Alijenga jozi imara na Nitya Krishinda Maheswari, wakapata dhahabu ya Michezo ya Asia mwaka 2014, kisha majeraha yakamsimamisha Nitya. Greysia alikuwa anakaribia miaka 30. Mwaka 2017 akaunganishwa na Apriyani Rahayu, binti mdogo kwake kwa karibu miaka 11, akaanza kumfundisha mambo ambayo Nitya alikuwa anayafanya bila kuambiwa. Tarehe 2 Agosti 2021 huko Tokyo wakawafunga Chen Qingchen na Jia Yifan wa China 21-19, 21-15, dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa jozi ya wanawake ya Indonesia. Katika fainali ile waya za raketi ya Greysia zilikatika kinyoya kikiwa hewani. Akakimbia pembeni kuchukua nyingine huku Apriyani akiulinda uwanja mzima peke yake, na akarudi mchezo ukiwa bado unaendelea. Kila ninapoiona picha ile nafikiria wachezaji walioachwa na mwenza wakiwa na umri kama wake, wakapiga hesabu ya nauli na miezi ya kujenga pointi upya, wakaamua basi.

Na katika Olimpiki hiyohiyo alikuwepo Sayaka Hirota wa Japani, amefunga kifaa kizito gotini, kano imechanika wiki chache tu kabla. Alicheza pamoja na Yuki Fukushima hadi robo fainali. Watu waliusifu ushujaa wake, nami namsifu. Lakini nauliza: Hirota angekaa nje, Fukushima angecheza na nani? Mashindano ya jozi za wanawake kwenye Olimpiki yana nafasi 16 tu, na nafasi ni ya jozi. Mchezaji wa mmoja mmoja akiumia huamua juu ya mwili wake. Mchezaji wa jozi akiumia huamua pia juu ya ndoto ya mtu aliyelala kitanda cha pili chumbani. Najua wachezaji waliomeza dawa za maumivu na kuingia uwanjani kwa sababu hiyo peke yake. Mwenzangu alikuwa mmoja wao. Goti lilikuwa limemsumbua wiki mbili kabla ya siku ile, na hakuniambia.

Sasa fedha. Chukua Mashindano ya Wazi ya Malaysia ya Januari 2023, daraja la Super 1000, la juu kabisa kwa mashindano ya wazi, zawadi zote zikiwa dola za Marekani 1,250,000. Viktor Axelsen, bingwa wa wanaume mmoja mmoja, fungu lake lilikuwa dola 87,500. Fajar Alfian na Muhammad Rian Ardianto, mabingwa wa jozi za wanaume, fungu lao lilikuwa dola 92,500 kwa pamoja, yaani 46,250 kila mmoja. Waliotolewa nusu fainali walipewa 17,500, awe mtu mmoja au wawe wawili. Waliotolewa raundi ya kwanza, 1,250. Ukiwa jozi, chako ni 625.

Sina kinyongo na Axelsen wala na bingwa yeyote wa mmoja mmoja. Wanakimbia uwanja peke yao na wanachopata wamekitolea jasho. Ninachosema ni kwamba mtu wa pili katika jozi anakula, anapanda ndege, anamlipa tabibu wa viungo, anakatikiwa na waya za raketi. Jozi za wanawake au za wanaume huenda zikalala chumba kimoja kubana matumizi. Jozi mchanganyiko, za mwanamume na mwanamke, hata hilo hawaliwezi. Tiketi za ndege siku zote ni mbili. Kwa aliye juu kabisa tofauti hii ni ya heshima. Kwa aliye nafasi ya 40 duniani, ambaye raundi ya kwanza ndiyo mshahara wake, ndiyo inayoamua kama mwakani bado atakuwa mchezaji.

Nimewahi kujibiwa kwamba mechi ya jozi ni mechi moja kama nyingine, mtazamaji hanunui tiketi mbili. Ni kweli, na ndiyo sababu siombi fungu la bingwa liongezwe maradufu kesho asubuhi. Naomba marekebisho yaanzie chini, raundi ya kwanza na ya pili, ambako kiasi kinachohitajika ni kidogo kikilinganishwa na zawadi zote. Hapo mpeni kila mtu fungu la mtu.

Kuhusu pointi, nimesikia hofu kwamba tukipewa hesabu ya mtu binafsi tutaanza kuhamahama, kila mtu akimkimbilia mwenza mwenye pointi nyingi. Waliocheza tenisi wametangulia mbele yetu. Kule mchezaji wa wawili wawili ana nafasi yake binafsi kwenye orodha. Mapacha Bob na Mike Bryan wa Marekani walikuwa na haki ya kuachana wakati wowote, na pamoja wakatwaa mataji makuu 16. Mwaka 2018 Bob aliumia nyonga. Mike hakurudishwa mwanzo wa safari: alicheza na Jack Sock, akashinda Wimbledon na mashindano ya wazi ya Marekani mwaka uleule akiwa na miaka 40, na Bob alipopona akarudi kwa pacha wake. Kanuni ile haikuivunja jozi. Ilimwezesha Mike kuendelea na kazi huku kiti cha ndugu yake kikimngoja.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Orodha ya jozi ibaki, ni fahari yetu, hakuna anayetaka kuona majina ya Hendra na Ahsan yakitenganishwa. Kando yake iwepo hesabu ya kila mchezaji, inayotokana na matokeo yake na wenza wake wote. Jozi inapovunjika kwa jeraha, ujauzito au kustaafu kwa mmoja, aliyebaki aingie katika jozi mpya na sehemu ya hesabu hiyo, kwa muda utakaowekwa, na ionekane kwenye orodha yenyewe ambayo wadhamini na vyama vya taifa wanaisoma. Asilimia ngapi na miezi mingapi, hilo kaeni na tume ya wachezaji mlipange. Mimi ningeanza na nusu, kwa mwaka mmoja. Nusu ya pointi zilizotafutwa na watu wawili ni za mtu mmoja, na hapo sihitaji mwanahisabati.

Mwenza wangu wa tatu na mimi tulicheza misimu miwili. Tulikuwa wazuri, nadhani tungekuwa wazuri zaidi. Fedha ziliisha kabla ya pointi kukaa sawa.

Kama ofisi yako itaona yafaa kutusikiliza, nitakuja na huyo wa pili, mwenye goti. Ana mengi ya kusema kuliko mimi, na ni mpole zaidi yangu katika kuyasema. Siku hizi anafundisha watoto wa miaka tisa jinsi ya kutua baada ya kuruka, na ngazi anapanda vizuri.

Wako kwa heshima,

Mchezaji mstaafu wa jozi za wanawake