Ritifaa ya Ng'apa

Ndugu Mhariri,

Msomaji wako mmoja aliandika wiki iliyopita kwamba programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzirekebisha, ni mali ya kuokota: ikiharibika, huna wa kumshika shati. Mimi ni mchapaji hapa Lindi, jirani na stendi. Kompyuta yangu ni ya mtumba, haibebi programu nzito, kwa hiyo kazi ndefu nazifanya kwenye Vim, programu huria ya kuandikia maandishi. Naomba nimjibu kwa habari ya ritifaa, ile alama ndogo ya juu katika neno ng'ombe.

Msimu wa ufuta katibu wa chama cha msingi aliniletea orodha ya wakulima kwenye flashi, niitenganishe mahali kwa mahali. Nikatafuta Ng'apa. Majina yakaja machache mno. Katibu akaniinamia begani: "Dada, Ng'apa nzima ndiyo hawa?"

Kumbe orodha ilichapwa na watu wawili. Mmoja ritifaa yake imenyooka. Wa pili programu yake huipinda yenyewe, ikawa kama koma iliyopanda juu. Kwa jicho la katibu ni Ng'apa ileile. Kwa mashine, hizo ni alama mbili tofauti, basi na Ng'apa zikawa mbili. Ingekwenda hivyo kwenye malipo ya stakabadhi ghalani, sijui nani angelala usiku ule. Amri moja ya kunyoosha ritifaa zote ikamaliza kazi.

Lakini nilikuwa na kinyongo kingine cha siku nyingi. Kila nikitaka kufuta neno ng'ombe, Vim hufuta "ng" na kuniachia mabaki. Siku hiyo nikaamua kushtaki kwa watengenezaji wake. Sasa, kuripoti hitilafu si kama tunavyolalamikia maji kukatika. Unataja toleo, unaizindua programu bila mipangilio yako binafsi, unaeleza ulibonyeza nini, ulitarajia nini, ukapata nini. Katikati ya kuandika hayo nikafungua maelezo yaliyomo humohumo ndani, nikayasoma kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, mstari mmoja mara tatu. Nikakuta kitu kinaitwa iskeyword: orodha ya alama zinazohesabiwa kuwa sehemu ya neno. Ritifaa haimo, na maneno ya Kiingereza yenye ritifaa hukatwa vilevile. Nikaongeza mstari huu kwenye faili la mipangilio:

set iskeyword+='

Ng'ombe akapona. Miaka miwili nilikuwa namsema vibaya mtu asiye na kosa. Ripoti sikuituma.

Na huyo mtu alikuwepo kweli. Bram Moolenaar, Mholanzi, aliitoa Vim mwaka 1991 akaihudumia hadi alipofariki Agosti 2023. Kwa miaka mingi ukiifungua tupu ilikupokea na ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda, kwa sababu aliwahi kujitolea huko Kibaale. Hiyo ndiyo bei aliyoitaja. Alipoondoka wenzake hawakufunga duka: toleo la 9.1 lilitoka Januari 2024, wakalitoa kwa kumbukumbu yake, na kila rekebisho lina namba na maelezo ya kilichoguswa. Programu ya kulipia niliyoitumia zamani ilipogoma, jibu nililopata kwa simu lilikuwa nizime niwashe.

Namkubalia msomaji jambo moja: kazi ya kueleza tatizo inabaki kwako, na si kila mteja wangu ana jioni nzima ya kusoma. Mimi ninayo, mvua ikinyesha.

La mwisho ni lako, Mhariri. Gazetini kwenu Ng'apa hutoka "Ngapa", kama mtu anayeuliza bei na kukosea. Kabla barua hii haijaenda mtamboni, hakikisheni ritifaa zangu zipo zote na zimenyooka. Yule katibu wa ufuta hulisoma gazeti lenu.

Mchapaji wa Stendi,
Lindi