Kwa nini tunatoza "mistari michache tu" ya skripti

Mteja ametulalamikia tena. Tulimtengenezea skripti (maagizo mafupi ya kompyuta yanayojiendesha) inayofungua laha mpya ya mauzo, yaani ukurasa mpya wa jedwali, kila mwezi kwenye Google Sheets, kijana wake akaifungua, akahesabu mistari, akamwambia kaibiwa. Malalamiko haya hayaishi, basi tuyajibu waziwazi.

Kuunda laha ni mstari mmoja kweli: amri ya insertSheet, ukaipa jina. Kazi iko kwenye hilo jina. Likiwa tayari limo ndani ya faili, Google Sheets hukataa na skripti husimama papo hapo, pengine usiku wa mwisho wa mwezi, ofisini hakuna mtu. Kwa hiyo fanksheni yetu (kipande cha skripti kinachofanya kazi hiyo) hutafuta kwanza jina hilo kwa amri ya getSheetByName. Ikiikuta laha, hukukabidhi hiyohiyo. Isipoikuta, ndipo huiunda.

Folda za Google Drive zina hatari zaidi, kwa sababu Drive haikatai. Hata folda kumi zenye jina moja zitakaa pamoja, kila moja na kitambulisho chake ambacho karani haangalii. Duka moja la vifaa vya ujenzi lilichukua skripti ya bure, na kila kitufe kilipobonyezwa ikazaliwa folda nyingine ya "Risiti". Mhasibu alipozihitaji, risiti zilikuwa zimetawanyika kote. Kuzikusanya kuliwagharimu zaidi kuliko ile bei waliyoikimbia kwetu.

Halafu tarehe. Apps Script, zana ya Google ya kuandikia skripti hizi, hutumia lugha ya programu ya JavaScript, na amri yake ya getMonth huhesabu miezi kuanzia sifuri, hivyo asiyejua huipa laha ya Machi jina "2025-02". Sisi tunatumia Utilities.formatDate, amri ya kuandika tarehe kwa mpangilio unaoutaka, saa za eneo tukiweka Africa/Dar_es_Salaam, mwaka ukitangulia mwezi ili folda zijipange kwa mfuatano.

Wengine hunakili laha ya mwezi uliopita na kubadilisha jina kwa mkono, wakiamini wameokoa pesa. Nafasi moja ikibaki mwishoni mwa "Machi", jicho halioni, lakini kwa skripti, hiyo ni laha nyingine kabisa. Muuza vipodozi mmoja alikuja kwetu akidhani mauzo yameshuka, kumbe jumla ya mwaka ilikuwa imeruka mwezi mzima.

Kama una skripti ya bure inayokusumbua, ilete kabla hujafuta folda yoyote. Tutahamisha faili kwanza, tuhakikishe zimetimia, ndipo tufute folda zilizojirudia.