Mnahesabu mashine, hamhesabu watafiti

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu ya mtandao wa vyuo vya utafiti wa tiba, yenye picha ya wakubwa wakikata utepe, nimeisoma yote na imenikera. Kwa miaka mingi nimefanya kazi katika maabara ya chuo mwanachama nikiwa kimya, kwa sababu anayelalamikia ufadhili huonekana hana shukrani. Lakini mwandishi wenu anasema vyuo vidogo sasa vimejengewa uwezo. Uwezo upi? Hakumhoji hata fundi mmoja wa maabara.

Wazo lenyewe ni zuri. Bunge la Marekani lilianzisha IDeA, mpango wa kuyapa fedha za utafiti majimbo yanayopata kidogo, mwaka 1993 kwa kuwa fedha za utafiti wa afya zilikuwa zikirundikana katika majimbo machache. Leo mpango huo unahudumia majimbo 23 na Puerto Rico, na una mitandao inayounganisha chuo kikuu na vyuo vidogo vya shahada ya kwanza. Mwaka 2010 nchi hiyohiyo ilitangaza MEPI, mpango wa kuimarisha elimu ya tiba na utafiti, hadi dola milioni 130 kwa miaka 5, kwa taasisi 13 katika nchi 12 za Afrika, na fedha zikaenda moja kwa moja kwa vyuo vya Afrika vyenyewe. Hapo ndipo penye tofauti. Kwetu fedha hukaa chuo kiongozi, sisi tunaletewa vifaa.

Mwanafunzi wetu mmoja wa uzamili alikusanya sampuli za damu kwa bidii ninayoikumbuka hadi leo: alfajiri yuko kliniki, anawaeleza wagonjwa utafiti, anajaza fomu, anarudi na boksi la barafu mkononi. Tulizihifadhi kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Siku ya kuzipima, mashine ya PCR, ya kupima vinasaba, iliyoletwa na mradi ikagoma kusoma. Anayeruhusiwa kuifungua ni fundi wa wakala, mkataba wa matengenezo haukuwekwa kwenye bajeti, na kifungu cha ukarabati husainiwa na mtafiti mkuu aliye chuo kiongozi. Tuliandika barua, tukapiga simu, tukajibiwa kwamba kifungu kimekwisha. Fedha za kutuita kwenye warsha ya kujenga uwezo, hotelini, na kutupa vyeti vya ushiriki, hizo zilikuwapo! Hatimaye sampuli zikachukuliwa zikapimwe chuo kiongozi. Makala ilipochapishwa, yule kijana hakuwamo miongoni mwa waandishi. Chuo chetu kilitajwa kwenye shukrani, tena kwa jina lililokosewa. Kijana ameacha utafiti, na mimi sikuwa na neno la kumzuia.

Vibali vya maadili navyo vinatuchosha. Itifaki ileile, yaani mpango wa utafiti, hupelekwa kwenye kamati ya maadili ya kila chuo, kila moja na fomu zake na ada yake. Moja ikibadilisha sentensi katika fomu ya ridhaa, nyingine zote zinataka kuipitia upya. NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, tangu Januari 2018 inataka utafiti inaoufadhili, wenye itifaki moja katika vituo vingi vya ndani ya nchi hiyo, upitiwe na kamati moja. Vyuo vinavyojiita mtandao vinashindwaje kuaminiana kwa hilo?

Ninachopendekeza kinawezekana. Mashine isinunuliwe kabla mkataba wa matengenezo wa miaka 5 na mshahara wa fundi wa muda huohuo havijalipiwa. Fedha za ukarabati na vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, ziingie akaunti ya chuo kinachotumia mashine. Mhadhiri mwenye mradi apunguziwe vipindi, kwa sababu anayefundisha asubuhi hadi jioni na kusahihisha mitihani usiku hana saa ya kufanya utafiti, hata mumpe maabara ya dhahabu. Na sampuli zisitoke getini kabla orodha ya waandishi haijasainiwa na vyuo vyote viwili.

Nanyi gazetini, mkija tena, ombeni daftari la matengenezo la kila mashine. Tazameni tarehe ilipohudumiwa mara ya mwisho na chuo anachotoka aliyeitumia, kisha chapisheni ukurasa huo.

Fundi wa maabara, chuo mwanachama
(Jina limehifadhiwa)