YAH: Malalamiko kuhusu matengenezo ya mfumo wa kupozea injini ya Hiace

Kitengo cha Usafiri,
Iringa.

Meneja,
Gereji na Duka la Vipuri,
Iringa.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na somo hapo juu.

Toyota Hiace yenye injini ya dizeli ya aina ya 3L ililetwa kwenu kwa sababu ilikuwa ikichemsha inapopanda mlima Kitonga. Imerudi na sensa mpya ya joto, haina thamostati (valvu inayofunguka kwa joto ili maji yapite kwenye rejeta), na mshale wa geji ya joto umetulia robo muda wote. Mkasema imepona. Mafundi wetu wamepima joto kwenye shingo ya thamostati, pale unapoingia mpira wa juu wa rejeta, wakapata nyuzi 104 (walibandika kwanza tepu nyeusi, maana alumini inayong'aa hupotosha kipimajoto cha infraredi). Mshale ulikuwa bado robo. Dereva akiuamini mshale huo, ataendelea kukanyaga mafuta mpaka silinda hedi ipasuke, na hedi za injini hizi zinajulikana kwa kupasuka zikichemka.

Geji yenyewe ni nzima. Tulichomoa waya wa sensa, swichi ikiwa imewashwa, mshale ukashuka mpaka C (baridi). Tukaugusisha waya huo kwenye bodi kupitia balbu ya wati 3.4, balbu ikawaka na mshale ukapanda kuelekea H (moto). Geji ya mafuta nayo inasoma sawasawa, kwa hiyo umeme wa dashibodi hauna kasoro. Ikabaki sensa. Sensa ya waya mmoja hupata ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi) kupitia nyuzi zake za skrubu zinazokaza kwenye injini, na fundi wenu alizizungushia tepu nyeupe ya mabomba mara nyingi, juu yake akapaka silikoni. Kati ya ganda la sensa na injini tulipima ukinzani wa umeme wa omu 38, mahali ambapo panatakiwa pawe karibu na sifuri. Ukinzani huo unajumlishwa na wa sensa, geji inadhani maji ni ya baridi. Tulipoisafisha na kuifunga bila tepu, mshale ulikaa mahali pake. Kazi ya dakika 10.

Kuhusu thamostati, tunasikitika zaidi, kwa sababu huo ni uamuzi na wala si bahati mbaya. Thamostati ya injini hii ina valvu mbili. Ikifunguka kwa nyuzi 82, valvu ya chini huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Mkiitoa, njia hiyo inabaki wazi daima na sehemu ya maji ya moto haipoi kabisa. Mlimani ndipo inapoumiza. Kama mliishuku, mngeichemsha kwenye sufuria yenye kipimajoto: ianze kufunguka kwenye 82, na ifikapo 95 iwe imenyanyuka milimita 8 au zaidi.

Mfuniko wa rejeta hamkuupima. Umeandikwa presha ya 0.9, lakini kwenye pampu ya majaribio unaachia kwenye 0.4. Hapa Iringa maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko mzima huyapandisha hadi karibu 115. Huu wenu unaishia 106. Nyuzi 104 ziko mlangoni.

Pamoja na hayo mmetuletea makisio ya kubadili gasketi ya hedi na kuisawazisha hedi, bila kupima presha ya rejeta wala kuangalia mapovu kwenye shingo yake injini ikiwashwa baridi. Tuliangalia sisi: mapovu hakuna, na mipira haikakamai mapema, yaani hakuna dalili ya gasketi kuvuja. Makisio hayo tunayakataa.

Tunaomba ndani ya siku 14 mrudishe gharama ya sensa na ufundi, mfunge thamostati ya 82 yenye valvu ya chini, kipini chake cha hewa kikiwa juu, mlete mfuniko mpya wa 0.9, kisha mtoe hewa kwenye mfumo mbele ya fundi wetu. Thamostati mliyoitoa tunaihitaji pia. Ni mali yetu.

Wako katika kazi,

Msimamizi wa Magari