Ini likitupwa machinjioni, mfugaji aambiwe

Mhariri,

Naomba nafasi niwafikishie wakaguzi wa nyama wa Kilimanjaro ombi moja.

Sisi wa Kibosho, mteremkoni mwa Mlima Kilimanjaro, hatuchungi. Ng'ombe yuko bandani kihambani, yaani kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba, anakula migomba, na kiangazi tunamnunulia nyasi zinazopandishwa na pikapu kutoka kando ya mashamba ya mpunga huko tambarare, Mabogini na Chekereni. Wengi huku juu huapa kwamba minyoo ya ini ni shida ya watu wa tambarare. Kumbe mnyoo huyu hulelewa na konokono wa maji, kisha vimelea vyake hunata kwenye majani yaliyo karibu na mfereji. Mzigo wa nyasi mbichi wenye tope shinani unapanda navyo hadi horini.

Mwaka jana niliuza ng'ombe aliyeshuka maziwa na kukonda huku akila vizuri, chini ya taya ana uvimbe laini. Alikuwa ameshachomwa ivamektini, dawa ya minyoo isiyoua minyoo ya ini. Mchinjaji ni jirani yangu, akaniita nione. Mkaguzi alipopasua ini, kisu kilikwaruza kana kwamba kinapita mchangani. Mirija ya nyongo imekakamaa, na minyoo bapa ikachomoza, mingine inafika urefu wa kidole. Ini likatupwa, kazi ikaendelea. Hakuna aliyeuliza ng'ombe katoka banda gani. Bila ujirani ule, hadi leo ningekuwa nalaumu pumba, na wenzake waliobaki wangeendelea kula nyasi zile zile. Sasa nataka zikatwe juu ya usawa wa maji, na nazianika hadi zikauke kabisa. Habari ya dawa muulizeni daktari wa mifugo, si muuza duka: albendazoli huua minyoo iliyokomaa tu, ile isiyokomaa ikaendelea kutoboa ini; triklabendazoli huua yote, ila si ya kumpa ng'ombe ambaye maziwa yake yananywewa.

Ombi lenyewe: ini likitupwa, iandikwe karatasi fupi yenye sababu na kijiji alikotoka mnyama, nakala impate afisa mifugo wa kata. Wachuuzi watasema ng'ombe wa mnadani hupita mikono mingi. Sawa, lakini kibali cha kusafirisha mifugo kinaonyesha alikotoka. Tuanze na hao wenye vibali.

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa,
Kibosho, Moshi