Kuhusu kipimo kilichoongezwa katika Prelyudi ya Bach

Rafiki yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani. Uliniuliza kwa nini nakataa kipimo kimoja, yaani kipande kifupi cha mapigo kati ya mistari miwili ya nota, kilichoongezwa katika Prelyudi ya C (kipande cha ufunguzi) ya Johann Sebastian Bach, ile inayofungua mkusanyo wake wa mwaka 1722, nami naona swali hilo linastahili jibu kamili.

Hapsikodi, kinanda cha enzi za Bach, hukwanyua nyuzi zake, kwa hiyo hata mpigaji akibonyeza kwa nguvu namna gani, sauti haikui. Mvutano wa muziki ilibidi ubebwe na harmonia yenyewe, yaani mpangilio wa sauti zinazosikika pamoja. Tazama kipimo cha pili: besi, yaani sauti ya chini kabisa, inabaki kwenye do ilhali sauti za juu zimekwisha kuhamia re, fa na la. Do hiyo inagongana na re iliyo jirani yake, wala haipati nafuu mpaka ishuke kwenye ti katika kipimo cha tatu, ndipo cha nne kiturudishe nyumbani. Hakuna wimbo wa kushika hapo, na bado sikio linavutwa!

Sasa nenda kipimo cha 22. Besi iko kwenye fa iliyopandishwa nusu sauti. Katika cha 23 inaruka hadi la iliyoshushwa nusu sauti, ikiipita so bila kuigusa, na ni katika cha 24 tu inapotua kwenye so na kukaa hapo vipimo vinane vizima, huku sauti za juu zikibadilika. Miongo kadhaa baada ya Bach kufariki, toleo linalohusishwa na mwanamuziki Schwencke wa Hamburg, Ujerumani, lilichomeka kipimo kati ya cha 22 na cha 23, chenye so kwenye besi. Mtunzi Mfaransa Gounod akaujenga wimbo wake Ave Maria juu ya toleo hilo, na wengi wameizoea prelyudi kwa njia hiyo.

Kwenye Ave Maria kiache kipimo hicho, kwa kuwa mwimbaji anakihitaji. Unapopiga prelyudi peke yake, nakusihi ukiondoe, maana so ikisikika mapema, kutua kwake kunapoteza uzito wote ambao Bach aliuandaa. Kisha usiharakishe mwisho: besi inarudi do katika kipimo cha 32, lakini juu yake ipo ti iliyoshushwa, na utulivu kamili haupatikani mpaka kipimo cha 35.

Niandikie ukishaipiga hivyo.

Wako daima,
Rafiki yako